Swali la Tatu Juu ya Kipengere

1

Bwana Sanga alinifunga hamira tumboni kama anayemfunga mtoto mchanga kwa mbeleko, akakaza mkanda, akanipiga kikofi begani kuonyesha kwamba kazi yake imekwisha na yangu ndiyo inaanza.

"Usipoe," alisema. "Ukipoa wewe, nayo imepoa. Haina blanketi zaidi ya ngozi yako."

"Umeshaniambia tangu kwenye chai."

"Na nitakuambia mpaka uruke."

Tulikuwa ukingoni mwa uwanda wa Kitulo. Jua lilikuwa limechomoza muda si mrefu, na sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani utadhani mtu amemwaga chumvi. Upande wa magharibi mlima Rungwe ulikuwa ukipumua kama kawaida yake, moshi wa kijivu, mnene, usio na haraka. Huu ni mwaka wa nne tangu uamke. Jivu lake ndilo lililotutoa Tukuyu na kututawanya kwenye makambi ya Njombe na Mufindi, na ndilo linaloua kila chenye injini. Magari hukohoa yakazimika njiani. Vindege visivyo na rubani huvuta jivu kwenye mota zao na kudondoka kama maparachichi yaliyoiva. Kinachopita ni bawa la kitambaa lisilo na mota wala pangaboi, na mtu amelala kifudifudi chini yake, ameshika fimbo ya usukani kwa mikono miwili. Kambini wanatuita popo. Mimi sijali, nimeshaitwa mabaya zaidi, tena na mashemeji.

Hamira niliyofungwa si ya maandazi. Ni tope hai lenye rangi ya uji wa ulezi, linalooteshwa kwenye maabara ya Kitulo. Ukilitia kwenye pipa la maji hula ile sumu ya jivu, likakuachia maji ya kunywa. Kila kambi ina pipa lake, na watu wa kulilinda kwa zamu kama mgonjwa. La kwetu Nyololo lilikufa kwa baridi, licha ya mablanketi na jiko la mkaa tulilolizungushia. Tangu hapo kambi nzima inakunywa tangi la akiba, ambalo sasa ukiligonga linaita kama debe tupu. Likiisha, yanabaki maji ya jivu. Hayo huanza na meno, halafu yanaingia kwenye mifupa, na huwaanza watoto. Mwanangu Lusajo ana miaka mitano na meno yake yote.

Kwa hiyo nilikimbia. Kuruka kwenyewe hakuna maajabu: unakimbilia bonde kwa makusudi, sakitu inavunjikavunjika chini ya viatu, bawa linakuwa zito begani, halafu linakuwa jepesi, halafu unagundua miguu yako inakimbia hewani kama ya mpumbavu. Nikaiingiza ndani ya mfuko wa kulalia, nikafunga zipu. Nyuma yangu Sanga alikuwa bado anapiga kelele, "Usipoe!"

2

Upepo wa kusini ukigonga safu ya Kipengere hauna pa kwenda ila juu. Ukilijua hilo unaweza kusafiri kutwa nzima ubavuni mwa mlima bila kupiga hata bawa moja, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Sikioni nina kengele ndogo inayoimba bawa likipanda na kunung'unika likishuka, nami nikawa naufuata wimbo. Chini yangu yalipita mashamba ya viazi yaliyoachwa, mapaa ya mabati yaliyopoteza mng'ao, kanisa moja ambalo mtu alikuwa bado analifagia paa. Nilimpungia mkono. Akanipungia ufagio.

Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Kule juu hakuna foleni ya maji wala mtu wa kukuuliza chumvi yake iko wapi. Baridi ilikuwa inaniuma vidoleni na kwenye mashavu, lakini baridi inayouma ni rafiki. Unayopaswa kuiogopa ni ile inayoacha kuuma.

"Rubani Tusekile. Swali."

Huyo ni Mlinzi, akili ya mashine inayokaa ndani ya fito za bawa. Sauti yake ni ya mwanamke aliyekulia penye joto na adabu. Sheria inataka kila bawa liwe naye, na sheria hiyo ilianzia msibani. Baridi ya juu huanza kwa kukunyang'anya akili, polepole, huku ikikufanya ujione hodari na mwenye joto. Rubani mmoja wa Makete alianza kuimba redioni. Mfuatiliaji wake huko chini, ndugu yake wa tumbo moja, akamthibitisha kuwa mzima kwa sababu alikuwa anaimba vizuri. Aliendelea kuimba mpaka kwenye mwamba wa Mtorwi.

Tangu hapo bawa linauliza. Mwanzoni liliuliza hesabu, lakini marubani wakakariri, na ikaonekana kwamba hata mtu aliyeganda anaweza kusema saba mara nane ni ngapi. Ndipo ikaamuliwa maswali yatungwe na ndugu wa rubani, yawe ya nyumbani kwake, na mwenyewe asiyaone. Kila swali huulizwa mara tatu. Halibadilishwi, kwa sababu walioganda walikuwa wakiomba lililo rahisi zaidi. Ukishindwa mara zote tatu, Mlinzi anakunyang'anya usukani na kukutua kwenye tambarare ya karibu, upende usipende.

"Uliza," nikasema.

"Mama yako aliuza nini soko la Tukuyu?"

"Magimbi. Na umbea."

"Magimbi. Jibu limekubaliwa."

Maswali yangu aliyatunga wifi yangu Bupe, mdogo wake mume wangu. Siku ile nilimsikia akicheka peke yake ndani ya hema, nikajua nimekwisha. Nilipofika juu ya Kipengere kwenyewe, kengele ikiimba vizuri, likaja la pili.

"Siku ya harusi yako, nini kiliungua?"

"Pilau. Na aliyekuwa analiangalia ni huyohuyo aliyetunga swali."

"Pilau. Jibu limekubaliwa."

3

Mawingu yalinikuta mbele, meupe, yamekaa juu ya safu kama kifuniko. Kupita chini yake hakukuwezekana, mlima ulikuwa umeyagusa. Nikazunguka kwenye upepo unaopanda, duara juu ya duara, mpaka nikatokea juu yake kwenye jua lisilo na joto lolote. Nyaya za bawa zilikuwa zimevaa barafu. Pumzi yangu iliganda kwenye skafu ikawa ngumu kama ubao. Nilikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopanga.

"Rubani Tusekile. Swali. Taja jina la baba mkwe wako."

Hilo sikuweza kulitaja.

Kwetu Unyakyusani mke hamtaji baba mkwe wake. Hamtaji, hamtazami, hasemi naye, hapiti anapopita. Nimeolewa miaka kumi na moja. Akiingia kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa wa jikoni. Nikimwona njiani najifunika kanga na kuingia shamba la mtu, hata kama lina nyuki, na limewahi kuwa na nyuki. Wengi wameshaiacha mila hiyo. Mimi tulipohamia kambini, hema na hema zinagusana, ndipo nilipoishika zaidi. Migomba tuliiacha, makaburi tuliyaacha, hili likawa jambo nililoweza kulibeba. Tena mama aliniambia siku ya kunitoa kwamba mke akimtaja mkwewe, kinacholegea ni miguu ya mtoto wake. Sisemi naamini. Nasema nina mtoto.

Bupe hakuwa na nia mbaya. Kwake yule ni baba, na jina la baba yake analitaja kama anavyotaja sukari. Halikumpitia kichwani kabisa.

"Badilisha swali," nikamwambia Mlinzi.

"Swali halibadilishwi."

"Hilo ni mwiko kwangu."

"Jibu halikutambuliwa. Swali litarudiwa."

Nikatazama chini kupitia tundu la mawingu. Tambarare ya karibu ilikuwa uwanda mtupu, mweupe kwa sakitu, hakuna moshi hata wa jiko moja. Mimi ningeweza kuvumilia huko, na mfuko wa kulalia, mpaka watu wa Njombe wanifuate kwa miguu. Hamira isingeweza. Ingekufa jioni hiyohiyo na Nyololo wangekunywa jivu.

Nikabonyeza redio. "Baba Lusajo, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mume wangu. Ambwene ndiye mfuatiliaji wangu. Alikuwa Nyololo, kwenye chumba cha redio, mbele ya kioo kinachoonyesha bawa langu kama kidoa. Mbele yake pia kuna kitufe chekundu. Akikibonyeza amethibitisha kwamba rubani ni mzima, na Mlinzi analazimika kumwamini.

"Basi thibitisha."

"Mama Lusajo…"

"Unajua kwa nini sisemi. Wewe unajua kuliko mtu yeyote."

"Najua ungenyamaza ukiwa mzima. Ila ukiwa umeganda ungenyamaza hivyohivyo. Mimi niko huku, naona nini?"

"Si unasikia sauti yangu?"

"Yule wa Makete naye alikuwa na sauti nzuri."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, moja lilihusu ukoo wao wote ukimwondoa mmoja. Alinisubiri nimalize.

"Vidole vyako vikoje?" akauliza.

"Vipo."

"Najua vipo. Unavisikia?"

Nikavitazama. Vilikuwa vimeikamata fimbo vizuri tu, vyote, lakini nilipoviambia vijongee havikunisikiliza. Hapo ndipo nilipogundua jambo jingine. Sikuwa nasikia baridi. Kifuani kulikuwa na joto zuri, laini, kama la mtu aliyekaa karibu na mafiga baada ya kula, na kwa muda sasa nilikuwa najiona rubani hodari kuliko wote waliowahi kupita pale. Nikaogopa kweli.

"Rubani Tusekile. Mara ya pili. Taja jina la baba mkwe wako."

Kichwani jina lilikuwepo. Lilikuwa limesimama mlangoni, limevaa kofia. Lakini je, nilikuwa nakataa kulitaja kwa sababu ya heshima, au ubishi huu ndio baridi yenyewe inayozungumza? Walioganda wote walikuwa wabishi. Nilijaribu kujiuliza kama ambavyo angeniuliza mtu wa nje, nikashindwa, maana aliyekuwa anauliza na aliyekuwa anajibu wote walikuwa kwenye baridi ileile.

"Jibu halikusikika. Swali litarudiwa mara ya mwisho."

"Mama Lusajo," Ambwene akasema, "ukiniambia nibonyeze, nitabonyeza. Kidole kiko juu yake. Niambie tu kwamba nisiogope."

Sikuweza kumwambia hivyo. Nilikuwa namtaka aweke mkono wake penye maisha yangu ili mdomo wangu ubaki safi. Nikipona, mimi ni mke mwenye adabu. Nisipopona, yeye ni ndugu wa yule mwimbaji, kila siku mpaka afe, akisikia watu wakisema ndiye aliyebonyeza. Na Lusajo angekuwa na miguu mizuri na baba asiyelala.

"Toa kidole," nikasema. "Yeye yupo hapo?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Yupo. Amekaa karibu na mlango tangu asubuhi." Redioni nikasikia kigoda kikikwaruza sakafu. "Anasimama. Anachukua kigoda chake. Ametoka nje. Hajasema neno."

Alikuwa amenipisha. Mzee yule, ambaye mimi ndiye niliyempisha miaka yote, alikuwa ameondoka kwenye joto la chumba ili nipate nafasi ya kumtaja. Machozi yalinitoka yakagandia njiani.

"Rubani Tusekile. Mara ya mwisho. Taja jina la baba mkwe wako."

Nikalitaja. Nililitaja lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Hapa sitaliandika.

"Jibu limekubaliwa," alisema Mlinzi, kwa sauti ileile aliyoipokelea magimbi.

Nikasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini, labda bawa livunjike. Halikuvunjika. Kengele iliendelea kuimba sikioni. Mawingu yaliendelea kukaa pale yalipokuwa. Nikaanza kucheka, halafu nikakumbuka kwamba kucheka nako ni dalili, nikaacha.

"Sikiliza," nikamwambia Ambwene. "Nimejibu, lakini vidole sivisikii, na nasikia joto ambalo halipo. Nakuambia kweli. Nifanye nini?"

"Shuka," alisema, na nilimsikia akivuta pumzi kama aliyetua mzigo. "Shuka sasa hivi kwenye hewa nzito. Usibane kimo. Kimo tutakitafuta mbele."

Rubani hutoa kimo chake kwa uchungu kama anayetoa mahari ya pili. Nilivuta fimbo, nikapita kwenye tundu la mawingu, kengele ikinung'unika njia nzima. Huko chini nilipenyeza mkono mmoja ndani ya koti, nikauweka juu ya hamira. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na joto kunishinda. Nikabadilisha mkono, nikabadilisha tena, na baada ya muda vidole vikaanza kuuma kama vinapigwa nyundo. Sijawahi kufurahia maumivu kiasi kile. Nilipiga mayowe, na Ambwene huko chini akapiga mayowe ya kuitikia bila kujua kwa nini.

4

Baada ya Njombe mlima unaisha na upepo hauna ukuta wa kupanda. Kuanzia hapo unaomba hewa ya moto, na mimi nilikuwa nimeingia kwenye tambarare nikiwa chini mno. Nilichagua mahali pa kutua mara mbili. Mara zote mbili nilipita juu ya shamba lililofunikwa na jivu, jeusi, lililokuwa likinywa jua tangu asubuhi, na hewa iliyopanda juu yake ikanisukuma tumboni kama mkono wa mama anayekuinua utazame. Nikazunguka juu ya jivu lilelile lililotufukuza kwetu, na kila mzunguko likanipandisha. Nililitukana kidogo, kwa mazoea, kisha nikalishukuru.

Niliiona Nyololo kwa moshi. Walikuwa wamewasha majani mabichi ili nione upepo unakoelekea, na watu walikuwa wamejipanga pembeni mwa uwanja wa mpira. Nilisukuma fimbo, bawa likanyanyua pua, miguu ikagusa, nikapiga magoti kwenye vumbi. Sikuinuka mara moja.

Bupe alifika wa kwanza, ameshika kanga kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono mwingine.

"Wifi, nisamehe! Wifi yangu, halikunijia kabisa, naapa, nilikuwa natafuta swali la hamsini na nilikuwa na usingizi!"

"Nitakusamehe ukinifungua mkanda."

Akanifungua, analia na kucheka. Wazee wa pipa wakaipokea hamira kwa mablanketi, wakaondoka nayo mbio bila hata kunisalimia, na sikuwalaumu. Ambwene alinishika vidole, kimoja baada ya kingine, kama anayekagua mahindi.

"Tatizo moja," Bupe akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Redio iliunganishwa na spika ya nje. Watu walitaka kukusikia unavyokuja."

"Spika ya nje ipi?"

"Ile ya juu ya mlango."

"Na baba yenu alipotoka na kigoda chake, alikwenda kukaa wapi?"

Bupe akatazama viatu vyake. "Palepale chini yake, wifi. Kuna jua."

Nilitaka kurudi Kitulo kwa miguu. Lakini kwenye pipa palikuwa na kelele, na Lusajo alikuwa amekuja akanivuta mkono, nikaenda. Watu walikuwa wameliinamia wote. Maji yalikuwa na rangi ya jivu. Tope letu lilikuwa limezama chini, likakaa huko kama lililokasirika. Halafu povu dogo likapanda, likapasuka. Likapanda jingine. Kisha uso mzima wa maji ukaanza kuchemka taratibu, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele kilichoitikiwa mpaka mahema ya mwisho.

Nilikuwa naufunika uso kwa kanga ya Bupe nilipomwona. Alikuwa upande wa pili wa pipa, amenipa mgongo, mrefu, kofia kichwani. Nikaanza kurudi nyuma kama nilivyozoea.

"Ambwene," akaita, bila kugeuka.

"Naam, baba."

"Mwambie mwenzio ndaga fijo. Mwambie tumeyaona maji."

Ambwene alinigeukia anifikishie asante hiyo kubwa ya Kinyakyusa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Anasema ndaga fijo," akasema, amekaza uso asicheke. "Anasema wameyaona maji."

"Mwambie pia," mzee akaendelea, na sasa alizungumza polepole, "kwamba tangu mama yenu alipofariki hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu. Ninyi mnaniita baba. Watu wananiita mzee. Nilidhani limezikwa naye. Leo nimekaa zangu juani nikalisikia linatoka juu, lote, kwa sauti ya mwanamke." Akakohoa. "Nilijua ni nani na nilijua kwa nini. Lakini nilisimama nikaitika. Mbele ya kambi nzima, nikaitika."

Hakuna aliyecheka. Ambwene alifungua mdomo anipelekee maneno, akashindwa, akaufunga. Mimi nilikuwa nimeng'ata kanga.

Mzee akaweka kofia yake sawa, akachukua kigoda, akaanza kuondoka kwa njia ya mbali, ile ya nyuma ya mahema, ili mimi nisilazimike kuhama. Alipofika kwenye hema la kwanza akasimama.

"Ambwene."

"Naam, baba."

"Mwambie asizoee."